Udongo Uliopumua kwa Mrija

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Wachuka alipita jikoni kuitazama chupa yake. Ilikuwa chupa pana ya kioo, imetiwa udongo mweusi hadi nusu, na mdomo wake umefunikwa kwa kitambaa. Ilikaa kando ya meko. Nje, ukungu wa Julai ulikuwa umekifunika kijiji cha Dundori hata viazi shambani havikuonekana, lakini mle jikoni mlikuwa na joto tele.

"Mimi mamako hujanisalimia, umekimbilia kusalimia udongo?" mama yake alimtania.

"Ni kazi ya shule, Mama. Tunataka kujua kama udongo wenye joto hupumua zaidi kuliko wa baridi."

"Udongo nao hupumua?"

"Una vijidudu ndani. Vinakula majani yaliyooza, halafu vinatoa hewa kama sisi."

Hayo aliyatoa kwa Mwalimu Khaemba, mlezi wa chama cha sayansi. Mwaka huo wa 2007 wakulima wengi walisema kwamba baridi ya Dundori si ile ya zamani. Mwalimu akauliza: joto likizidi, udongo wetu utakuwaje? Aliwaeleza kwamba udongo ni mweusi kwa sababu umehifadhi kaboni ya majani yaliyooza kwa miaka mingi. Vijidudu vikiila, kaboni hiyo hutoka ikiwa hewa ya ukaa, na hewa hiyo huzidi kuipasha dunia joto.

Maina alipewa chupa ya kuweka katika chumba baridi cha kuhifadhia maziwa kwao. Wachuka na rafiki yake Cate walipewa chupa za kuweka karibu na moto. Baada ya wiki moja, kila mmoja angetia ndani kikombe kidogo cha maji ya chokaa na kukaza kifuniko. Maji hayo yakikutana na hewa ya ukaa hugeuka meupe. Kati ya wasichana hao wawili, ambaye kazi yake ingefaulu ndiye angeandamana na Maina kwenda Nakuru kuzungumza mbele ya shule nyingine.

Wachuka alikuwa amekwisha kuwatangazia binamu zake wote kwamba anakwenda Nakuru. Lakini Jumapili jioni alipotazama kikombe alichokuwa ametia ndani siku iliyotangulia, maji yalikuwa safi kama ya mvua. Akaitikisa chupa taratibu. Maji ni yale yale. Akatazama mlangoni, akafungua kifuniko, akachukua mrija na kupuliza ndani ya maji. Mapovu yalipanda, na punde maji yakawa meupe. Akautupa mrija motoni.

Jumatatu, Mwalimu alipanga chupa mezani. Maji ya Maina yalikuwa na weupe kidogo. Ya Wachuka yalikuwa meupe pepepe, na darasa likapiga makofi. Ya Cate yalikuwa safi kabisa.

"Wee Cate, uliweka udongo au uliweka maiti?" Maina akauliza. Darasa likaangua kicheko.

"Nilifanya vile tuliambiwa," Cate alisema.

"Mbona mwenzako amepata?" Mwalimu akauliza. "Nafikiri chupa uliisahau mahali penye baridi. Uzembe huo haufai, Cate. Wachuka ndiye atakayekwenda Nakuru."

Cate aliketi na kuinamia dawati. Wachuka alitamani makofi yale yakome.

Wakati wa mapumziko Cate alimfuata. "Wachu, nifunze vile ulifanya. Mimi niliiweka karibu na moto kabisa, hadi mamangu akanigombeza kwa kumaliza kuni. Sijui nilikosea wapi."

"Ni bahati tu," Wachuka akajibu, akitazama viatu vyake.

Alasiri, Mwalimu alimwita mbele afanye mazoezi ya hotuba yake. Cate alikuwa ameketi mstari wa mbele, ametega sikio apate kujua alikosea wapi.

"Udongo wangu ulipumua sana..." Wachuka alianza. Macho yake yakakutana na ya Cate. Uso ukawaka moto. "Haukupumua, Mwalimu. Ni mimi niliyepumua. Nilipuliza maji kwa mrija. Ya Cate ndiyo ya kweli."

Mwalimu aliumwaga udongo wa chupa mbili zilizokaa karibu na moto juu ya gazeti. Udongo ukatoka vumbi tupu.

"Mliunyunyizia maji?"

"Hukutuambia, Mwalimu," Cate alisema polepole.

Mwalimu Khaemba alijipangusa paji la uso. "Ni kweli, sikuwaambia. Moto umeukausha, na vijidudu havifanyi kazi kwenye vumbi. Kosa ni langu, Cate, nami nilikuita mzembe mbele ya wenzako. Nisamehe."

Wachuka alilia. Kumsikia mwalimu wake akiomba radhi kulimwaibisha kuliko kiboko. Alimwendea Cate na kumwomba msamaha mbele ya wote.

"Nilikuwa nimeanza kujiona mjinga," Cate alimwambia. "Nimekusamehe, lakini usirudie."

Walirudia jaribio zima, safari hii wakiunyunyizia udongo maji. Maji ya chokaa ya Cate yakawa meupe kuliko ya Maina, bila pumzi ya mtu. Cate akaenda Nakuru na Maina. Wachuka alibaki, na alipoulizwa na binamu zake, aliwaeleza sababu bila kuficha.

Waliporudi, Mwalimu alisimama mbele ya chama. "Sasa tunajua kwamba udongo wenye joto na unyevu hupoteza kaboni yake upesi. Tunaweza kuwahimiza wazazi wetu wasichome mabaki ya mazao, bali wayaache yaoze na kuurudishia udongo chakula chake. Lakini kumbukeni, maji safi ya Cate, yaliyochekwa, ndiyo yaliyotuonyesha kosa langu. Yale meupe ya uongo yalilificha. Mtu akisema kweli hata anapoonekana ameshindwa, huwapa wenzake nafasi ya kujirekebisha. Akidanganya, wote hupotea pamoja naye."

Wachuka alikuwa ameinamisha kichwa. Alikiinua, akamtazama Mwalimu, akaitikia, "Nimeelewa, Mwalimu."