Friji Iliyolijua Jina la Jada

Obitre aliikalia friji ili inyamaze, na friji ikaendelea kuimba chini ya makalio yake.

Ilikuwa jioni, Mvara, mtaa wa Arua, kwenye matanga ya jirani. Mchungaji alikuwa ameomba watu wakae kimya kidogo kwa heshima ya marehemu. Vichwa vyote vimeinama, hata mbuzi wana adabu. Ndipo friji ya kubeba, ambayo Obitre aliileta kwa mbwembwe imejaa soda za waombolezaji, ikawasha taa zake nyekundu na kijani bila kuguswa na mtu. Sauti ya mwanamke ikatangaza kwa Kiingereza cha puani kwamba imeungana na simu ya Jada. Kisha rumba ikaanza.

Obitre akabonyeza kitufe cha taa, blenda ikanguruma. Akabonyeza cha blenda, rumba ikapanda. Mwishowe akaikalia, mtu mzima wa miaka hamsini na tatu na kilo zisizosemeka, akiwa amefumba macho kana kwamba anasali kuliko wote. Mjane alimtazama kwa jicho ambalo Obitre hatalisahau mpaka siku naye atakapokaliwa matanga.

Alikuwa ameendesha malori nusu ya maisha yake. Kisangani anaijua, Juba anaijua, Mombasa alishapotea mara mbili. Na kila alikofika alinunua kitu kinachong'aa, na kila kitu kilichong'aa kilimfanya mjinga: saa iliyorudi nyuma, tochi iliyohitaji tochi nyingine ili kuiona swichi yake. Lakini hii friji, aliwaambia watu wa Mvara, hii ni habari nyingine. Ina spika, ina blenda, ina mahali pa kuchajia simu, ina paneli ya sola, ina magurudumu, ina kioo kidogo kinachosema ndani kuna baridi kiasi gani. Tena ametoka nayo kwa Alionzi.

Alionzi wa Koboko alikuwa mwenzake wa lori. Walilala chini ya gari moja mvua ikinyesha, wakagawana muhogo mmoja njia ya Isiro. Alionzi alipoapa kwamba friji ni mpya kabisa, Obitre hakufungua hata kifuniko. Mtu haukagui mkono wa ndugu yake.

Usiku ule baada ya matanga alimpigia kumuuliza huyo Jada ni nani. Alionzi akasema ni jina la kiwanda. Obitre aliwajua akina Jada watano Koboko na hesabu isiyokwisha Juba, na hakuna hata mmoja aliyekuwa kiwanda. Lakini akaridhika. Alikuwa na kipaji cha kuridhika.

Friji hakuinunua kwa ajili ya soda. Dada yake, Jovia, anaishi Koboko na kisukari, na pumzi yake iko kwenye sindano ya insulini. Wiki hiyo duka la dawa la kwao lilikuwa tupu, umeme ulikuwa umekatika, na Jovia alibakiwa na dawa ya siku moja. Obitre alipata chupa nne Arua. Dawa hiyo haitaki joto. Ikipikika imekufa, na mgonjwa anafuata.

Driciru, mkewe, aliizunguka friji mikono kiunoni.

"Hii kitu iko na kazi mingi," alisema. "Kazi ya baridi nani anafanya?"

Kisha, bila kungoja jibu, akachukua chupa moja kati ya zile nne, akaifunga kwa kitambaa chenye maji, akaitia ndani ya chungu kidogo cha udongo, na chungu akamfunga mumewe kifuani kwa leso. Obitre alicheka, akauliza mtoto ataitwa nani. Driciru akaendelea kukaza fundo.

Obitre aliondoka alasiri kwa pikipiki, friji yenye chupa tatu zilizobaki imefungwa nyuma. Gurudumu la pikipiki likamchelewesha njiani. Alipokaribia Koboko jua lilikuwa limekwisha, mbingu imebaki na wekundu kidogo, kama kaa linalozimika. Kwenye daraja la kijito kimoja alisimama kuangalia dawa.

Kioo kilisema nyuzi nne. Baridi safi. Akatabasamu.

Taa zikawaka.

Nyekundu... kijani... nyekundu...

Na yule mwanamke wa puani akatangaza kwamba imeungana na simu ya Jada.

Rumba haikuanza safari hii. Spika ilitoa sauti ya maji tu. Maji yanayopita kwenye mawe, polepole... na ndani yake kitu kama mtu anayejaribu kumeza.

Obitre alijua jambo moja kuhusu mashine ile, kwa sababu alikuwa amejisifia nalo: simu lazima iwe ndani ya hatua kumi kutoka kwake. Akatazama nyuma. Barabara tupu. Akatazama mbele. Tupu.

Ndipo harufu ikamfikia. Matope mabichi. Na chini ya matope, pombe kali, waragi.

Mtu alikuwa amesimama mwisho wa daraja, amempa ubavu. Bega moja, sikio moja, mkono mmoja ulioning'inia. Alitazama mtoni.

"Ndugu," alinong'ona. "Iko na maji?"

Mtu wa safari hanyimwi maji. Obitre akatoa chupa ya maji iliyokuwa ndani ya friji pamoja na dawa. Na kwa kuwa alilelewa vizuri, akafanya kama kwao wanavyofanya: anayekupa kinywaji hukifungua mbele ya macho yako, akaonja yeye kwanza, ujue hakuna sumu. Akaifungua. Akaonja.

Maji yalikuwa ya moto.

Ya moto, kama ya kunyonyolea kuku. Na kioo bado kinaapa nyuzi nne! Dawa... Lakini mkono ule ulikuwa umeshanyooshwa, akaiweka chupa ndani yake. Vidole vilikuwa baridi kuliko friji yoyote aliyowahi kununua.

Mtu akanywa. Obitre akasikia maji yakidondoka. Yanaingia mdomoni, na palepale yanamwagika juu ya lami, kwa ule upande asiouona.

"Wewe unaonja," mtu alisema.

"Ndiyo desturi."

Kijito tu kilijibu.

"Alionzi hakuonja."

Obitre hakuwa amelitaja jina la Alionzi. Hakuwa amemtaja mtu yeyote. Yule mtu akaanza kugeuka, taratibu, amrudishie chupa yake.

Upande wa pili haukuwapo.

Jinsi alivyowasha pikipiki, mwenyewe hajui mpaka leo. Anachokumbuka ni kwamba alipiga kelele njia nzima mpaka Koboko, na nyuma yake rumba ilianza upya, taa za disko zikimulika vichaka, kiasi kwamba watu walitoka majumbani wakidhani ni harusi.

Kwa Jovia walifungua friji kwa mwanga wa taa ya mafuta. Chupa tatu zilikuwa na joto la yai lililochemshwa, dawa ndani yake imegandamana kama maziwa mabovu. Taa, spika na mapambo yote yale yalikuwa yamekula umeme wa kupoza, na kifeni cha kutoa joto kilikuwa kikilisukuma ndani. Jovia alizitazama chupa zile moja moja. Alikuwa na uso wa mtu anayehesabu siku zake.

Obitre akafungua leso kifuani. Ndani ya chungu, kitambaa bado kibichi. Chupa ilikuwa baridi, na dawa angavu kama machozi.

"Mke wako iko na akili," Jovia alisema. Chupa hiyo moja ingemfikisha mpaka nyingine zipatikane. Kisha akakaa.

Kaka yake alipomweleza ya darajani, Jovia alisogeza kiti mbali na friji. Jada, alisema, alikuwa mshirika wa Alionzi, wakiuza vinywaji baridi pande zote mbili za mpaka. Wakati wa kiangazi wawili hao walikwenda pamoja Arua, akarudi mmoja. Jada alikutwa amekufa kwenye kile kijito, nusu ya mwili majini, nusu nchi kavu. Alionzi alisema ni tumbo. Wengine walisema mengine, kwa sauti ya chini. Friji ya Jada, mpya, yenye taa, haikuonekana tena.

Asubuhi Jovia alipokwisha kujidunga sindano, Obitre aliisukuma friji kwa magurudumu yake mpaka dukani kwa Alionzi. Wakakumbatiana, kwa sababu mikono ilikuwa imezoea. Alionzi akamtolea kiti, akamwekea soda mezani.

Soda ilikuwa imeshafunguliwa.

Obitre aliitazama. Akamtazama rafiki yake. Alingoja mwenzake aonje, kidogo tu, hata kwa ncha ya ulimi. Alingoja muda mrefu, akiukumbuka ule muhogo wa Isiro, nani aliukata, na nani alipewa kipande kikubwa. Alionzi alikuwa akifuta meza palipokuwa pasafi.

Kando yao, mchana kweupe, taa za friji ziliwaka. Nyekundu... kijani...

Hakuna aliyegeuza kichwa.

Maswali mengine Obitre aliyameza. Aliuliza moja tu, sauti ikiwa imempasuka kama ya mtoto aliyeachwa sokoni.

"Alionzi, watu wote hawa. Kwa nini uliniuzia mimi?"

Alionzi akakunja kitambaa chake mara mbili.

"Adui anakagua kwanza."