Nakijwa na Tawi la Barabarani

Nakijwa ana miaka saba. Ana baiskeli nyekundu yenye kengele. Kri-kring!

Nyumba yao ni ya mwisho kabisa, chini ya milima ya Upare. Ukiipita hiyo, ni msitu tu, na barabara ya changarawe. Inapanda, inapinda, inapanda tena.

Baiskeli ikipita juu ya changarawe, utaisikia. Kwaru, kwaru, kwaru!

Leo Nakijwa hatulii. Hakai, hasimami. Leo Mamdogo anakuja!

Mamdogo ni mdogo wake Mama. Ana baiskeli yenye matairi manene. Anatoka upande wa pili wa mlima, peke yake, kwa njia ya msitu. Njia hiyo hajawahi kuipita hata siku moja.

Jana alipiga simu.

"Nakijwa wangu, naambiwa huko msituni kuna njia panda mbili. Nitajuaje pa kupita?"

"Nitakuwekea alama, Mamdogo!"

"Haya, nitaitafuta. Utaweka alama ga—"

Tii! Simu ikakatika.

Leo asubuhi Nakijwa alikwenda msituni na Baba. Baba aliingia ndani ya miti kuangalia mizinga yake ya nyuki. Nakijwa alibaki barabarani na kazi yake.

Kwenye njia panda ya karibu aliokota tawi kubwa, lenye majani tele. Akaliburuta, akaliweka katikati ya njia ya kwenda nyumbani.

"Pita hapa, Mamdogo."

Kwenye njia panda ya mbali, penye jiwe kubwa, akafanya vilevile. Tawi kubwa, katikati ya njia.

"Na hapa pia, Mamdogo." Halafu akashuka nyumbani, na Baba akarudi baadaye kwa njia ya mkato ya msituni.

Safi kabisa! Au siyo? Ngojeni kwanza.

Saa tisa, makande yakaiva. Nakijwa akakaa mlangoni, anasikiliza barabara.

Kwaru, kwaru, kwaru? Hapana. Ni kuku anachakura tu.

"Njoo, Mamdogo, njoo. Jua bado lipo."

Saa kumi, Mama akapiga simu. Simu haipatikani.

"Msituni hakuna mtandao," Mama akasema. Lakini alichungulia barabarani mara tatu. Nakijwa alimwona.

"Njoo, Mamdogo, njoo. Jua linashuka."

Saa kumi na moja, vuuum! Pikipiki. Ni Mshana, kijana wa bodaboda. Alikuwa na gunia la tangawizi nyuma.

"Nilikuwa napanda mlimani, nimegeuza," Mshana akamwambia Baba. "Barabara imefungwa. Nadhani kuna lori limekwama huko mbele."

Lori! Lori ni kubwa. Barabara ni nyembamba. Na Mamdogo yuko hukohuko!

"Baba, twende tukamtafute. Twende sasa hivi!"

Baba akachukua baiskeli yake kuukuu. Mama akamvalisha Nakijwa sweta, akampa Baba tochi.

"Msikawie, jamani," Mama akasema.

Kwaru, kwaru, kwaru! Wakapanda. Kwaru, kwaru, kwaru! Wakapinda.

"Baba, kama lori limekatika breki?"

"Tuendeshe, mwanangu."

Siku zote Baba hucheka njiani. Leo hakucheka.

Ukungu ukaanza kushuka. Kwacha! Mbega akaruka juu ya mti. Nakijwa nusura aanguke.

"Njoo, Mamdogo, njoo. Jua linashuka."

Wakafika njia panda ya karibu. Wakatazama huku, wakatazama kule. Lori liko wapi? Hakuna lori. Kuna tawi tu, katikati ya njia.

"Ala!" Baba akasema. "Nani kaweka tawi hapa?"

"Mimi, Baba. Ni alama ya Mamdogo. Inasema, pita hapa."

Baba akashika kichwa. "Nakijwa! Gari likiharibika njiani, dereva anaweka nini barabarani?"

Nakijwa akafikiri. Aliwahi kuona basi limeharibika, na dereva akikata... akikata...

"Matawi," akasema kwa sauti ndogo sana.

"Na ukiona matawi unajua nini?"

"Mbele kuna hatari. Usipite."

Maskini Nakijwa! Alitaka kusema pita. Kumbe amesema usipite! Mshana aliona tawi, akageuza. Je, Mamdogo?

Machozi yakamtoka. "Nimempoteza Mamdogo."

"Bado hatujajua," Baba akasema. Akamfuta machozi. "Panda baiskeli, twende."

Kwaru, kwaru, kwaru! Miguu inauma. Kwaru, kwaru, kwaru! Moyo unadunda, du, du, du.

Wakafika penye jiwe kubwa. Tawi lipo palepale. Mamdogo hayupo.

Baba akawasha tochi. Njia yenye tawi ilikuwa na alama za baiskeli zao tu. Ile njia nyingine ilikuwa na alama za matairi. Matairi manene.

"Amekwenda huko," Baba akasema.

"Huko ni wapi?"

"Huko ni bondeni. Njia inaishia mtoni."

Nakijwa akatazama bondeni. Aliona ukungu tu. Alitaka kuita, lakini bonde lilikuwa mbali mno. Akaikumbuka kengele.

Kri-kring!

Kimya.

Kri-kring!

Kimya. Maji tu, huko chini kabisa. Shiii.

"Njoo, Mamdogo, njoo. Jua limezama."

Kri-kring! Kri-kring! Kri-kriiing!

Ndipo, mbali, mbali sana...

Kri-kring.

"Baba! Umesikia?"

"Nimesikia! Piga tena!"

Kri-kring! akapiga Nakijwa. Kri-kring! ikajibu kengele ya bondeni. Halafu changarawe zikalia, polepole. Kwaru... kwaru... kwaru...

Mtu akatoka kwenye ukungu. Anasukuma baiskeli. Ana matope mpaka magotini.

"Mamdogo!"

"Jamani, ni nyie!" Mamdogo akasema, huku anahema. "Nimetafuta alama ya Nakijwa mpaka macho yameniuma. Sikuona alama. Nimeona tawi. Nikasema, huko kuna gari bovu, ngoja nizungukie huku. Njia ikaniingiza mtoni! Nimepotea, nimezunguka, sijui pa kutokea. Nisingesikia kengele, ningekuwa hukohuko mpaka sasa."

Nakijwa akatazama viatu vyake.

"Mamdogo," Nakijwa akasema. "Hakuna gari bovu. Tawi ni langu. Ndiyo alama yenyewe."

Mamdogo akalitazama tawi. Akamtazama Nakijwa. Akalitazama tawi tena. Mabega yake yakaanza kutikisika. Je, analia?

Wapi! Anacheka! Alicheka mpaka akakaa kwenye jiwe.

"Kumbe lori lenyewe ni wewe!"

"Nisamehe, Mamdogo. Niliogopa sana."

"Hata mimi niliogopa," Mamdogo akasema. "Tena mimi nilimwogopa mpaka chura."

Akamkumbatia Nakijwa, na matope yake yote.

Wakaliondoa tawi la mbali. Wakaliondoa na la karibu. Wakashuka nyumbani, baiskeli tatu na tochi moja. Kwaru, kwaru, kwaru!

Mama alikuwa amesimama barabarani. Alianza kugombeza, akaishia kukumbatia. Makande yakapashwa moto. Mamdogo akala sahani mbili.

Kisha wakaenda kulala. Mamdogo akalala kitanda kimoja na Nakijwa. Baiskeli yake waliiegemeza ukutani mle chumbani, karibu na mlango.

"Kesho naondoka asubuhi na mapema," Mamdogo akasema. "Kazi zinaningoja."

"Kesho?"

"Kesho."

Nakijwa akateremka kitandani, akatoka polepole. Kwii, mlango ukalia. Akarudi, akaingia kitandani haraka haraka. Miguu yake ilikuwa ya baridi.

"Ulikwenda wapi, wewe?"

"Hapo tu."

Mamdogo akawasha tochi. Akamulika ukuta. Akamulika baiskeli yake. Mbele ya tairi kulikuwa na kijitawi cha mpera, chenye majani manne.

"Nakijwa, hii ni alama gani? Pita hapa?"

"Hapana. Usipite."

"Mbele kuna nini?"

"Lori," Nakijwa akasema. "Kubwa sana. Halitoki mpaka keshokutwa."

Mamdogo akazima tochi. Akavuta blanketi mpaka mabegani.

"Basi siwezi kupita," akasema. "Kesho nitakuwa hapahapa."