Damu Haijazidi, Baba Efrazia

Justa alishachoka kubishana. Kila siku mumewe Bonaventura alirudi kambini kutoka kukata mkonge akihema kama katoka kufukuzwa. Mkono kifuani, midomo imepauka. Nyapara alikuwa anamwita mvivu mbele ya wenzake. Justa akisikia hivyo alitamani kumzaba kibao.

Lakini hasira yenyewe ilikuwa kwa Sadala, mpiga chuku wa kambi. Bonaventura alimwambia moyo unamgonga sana. Sadala akasema damu imezidi. Akamchanja mgongoni, akambandika pembe, akamnyonya damu. Ahueni hakuna, wakarudia, wakarudia tena. Wakata mkonge wengi walikuwa hivyo hivyo, moyo ukigonga wanakimbilia pembe.

Basi asubuhi moja Bonaventura akaanguka mlangoni. Justa hakumwuliza mtu. Akamkokota mpaka zahanati, njia nzima anamtukana Sadala, nyapara na mkonge wenyewe.

Dresa wa zahanati alikuwa mzee Mhina. Akaitikia shikamoo zao, akamfunua Bonaventura jicho, akamtazama kucha na chale za chuku mgongoni, akamshika mkono kupima mapigo. Akauliza kama anavaa viatu shambani. Viatu vya wapi? Akauliza na choo chao kiko wapi. Choo gani? Wote walijisaidia humo humo kwenye mkonge.

"Una safura," Mhina akasema. "Minyoo inayotoka kwenye kinyesi shambani imeingilia kwenye nyayo zako. Sasa iko tumboni inakunywa damu."

Bonaventura akabisha. "Moyo unagonga, mzee. Kama damu ni kidogo, mbona unagonga hivyo?"

"Moyo ni pampu. Unajaa damu, unajikaza, unaisukuma mwilini. Ukipanda mlima mwili unataka damu zaidi, basi moyo unapiga haraka na kwa nguvu. Damu ndiyo inabeba hewa unayovuta. Yako imekuwa nyepesi, kila pigo linafikisha hewa kidogo, kwa hiyo moyo unakimbia kufidia. Halafu wewe unaipunguza tena! Pampu isiporudishiwa kitu itasukuma nini? Ukiendelea hivi, moyo wenyewe utachoka."

"Umesikia, Baba Efrazia?" Justa akadakia. "Unataka kuniacha mjane kwa ajili ya pembe za ng'ombe."

Mhina akampa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu. Akawaambia wapike kunde na mchicha, na maini yakipatikana. Bonaventura apumzike kwanza. Akipona avae katambuga, zile ndara za tairi, na achimbe choo. Bila hivyo minyoo itarudi.

Justa alisimamia yote, kwa ukali. Midomo ya Bonaventura ikarudia rangi yake, moyo ukatulia. Ndipo akashika jembe, akaanza kuchimba nyuma ya nyumba, yeye na majirani wawili. Shimo lilipomfika mabegani akasema linatosha.

Justa akachungulia, bado kanuna.

"Linatosha nini? Chimba."

Bonaventura akacheka, akainama, akaendelea kuchimba. Pumzi haikumkatika.