Njiwa Ambaye Hakurudi

Ijumaa, tarehe tano Aprili, mto ulifurika. Maji yakaingia kijijini kwao Sekela, huko Kyela.

Sekela alipanda kilima mgongoni mwa Baba. Alikumbatia tenga dogo. Ndani yake alikuwamo njiwa wake, Kijivu.

Guu-guu-guu!

Walihifadhiwa katika darasa la shule, pamoja na Bibi Tupokigwe na Ambakisye, kaka yake Sekela. Mvua iligonga mabati. Ta-ta-ta! Ta-ta-ta!

"Bibi, nyumba yetu ingalipo?"

"Hatujui bado, mama."

"Basi nisimulie habari za Nuhu. Naye alizungukwa na maji."

Bibi akasimulia. Sekela akauliza.

"Twiga alisimamaje ndani ya safina?"

"Aliinamisha shingo."

"Na simba hakumla mbuzi?"

"Hakuthubutu! Nuhu alikuwa macho."

"Na Nuhu alijuaje kwamba maji yamepungua?"

"Alimtuma njiwa akatazame, naye siku moja akarudi na jani mdomoni."

Sekela akageuka. Akalitazama tenga lake.

Guu-guu-guu!

Asubuhi mvua ilikatika. Sekela akafungua tenga.

"Kijivu, Kijivu, nenda ukaone. Ukishaona, urudi useme!"

Pa-pa-pa! Kijivu akaruka.

Jioni akarudi. Hakuleta jani. Miguu yake ilikuwa safi kabisa.

"Hakupata ardhi ya kukanyaga," alisema Bibi. "Maji bado yamejaa."

Zikapita siku kadhaa. Sekela akafungua tenga tena.

"Kijivu, Kijivu, nenda ukaone. Ukishaona, urudi useme!"

Pa-pa-pa! Jioni akarudi. Hakuleta jani.

"Njiwa wako mvivu," alicheka Ambakisye.

Lakini Sekela aliikagua miguu ya Kijivu. "Tope! Bibi, amekanyaga tope!"

"Ahaa!" alisema Bibi. "Basi ardhi imeanza kuonekana."

Siku chache baadaye, Sekela akafungua tenga mara ya tatu.

"Kijivu, Kijivu, nenda ukaone. Ukishaona, urudi useme!"

Pa-pa-pa!

Jioni ikafika. Tenga tupu.

"Kipanga amemla," alisema Ambakisye.

"Koma, wewe!" alisema Bibi.

Sekela akalia. Akalia mpaka swali likamjia.

"Bibi, njiwa wa Nuhu, mara ya mwisho alirudi?"

Bibi akavaa miwani. Akafungua Biblia, akasoma polepole.

"Hakurudi."

"Nuhu alilia?"

"Haikuandikwa."

Sekela akafikiri. Akafikiri tena. Akafuta machozi.

"Kama hakurudi... alipata pa kukaa!"

"Wasema kweli, mama."

"Basi na Kijivu amepata pa kukaa! Baba, twende tukaone!"

Ijumaa, tarehe kumi na tisa Aprili, walishuka kilima. Chwapu-chwapu! Miguu ilizama topeni.

Nyumba ilikuwa imesimama. Maji yameacha alama ukutani, chini ya dirisha.

Lakini Sekela alitazama juu, kwenye nguzo yenye kibanda cha njiwa.

Kimya.

"Kijivu?"

Kimya.

Kisha kichwa kidogo kikachungulia.

Guu-guu-guu!

"Ulikwenda ukaona!" Sekela alipiga kelele. "Ukaona ni nyumbani!"

Ambakisye akakuna kichwa. "Kumbe kipanga hakuwa na njaa."

Kutwa nzima walisomba tope. Usiku Sekela akajilaza kitandani, karibu na Bibi.

"Bibi, Nuhu alimwona tena njiwa wake?"

"Kitabu hakisemi, mama."

Sekela akapiga miayo.

"Mimi nasema alimwona. Alimkuta nyumbani, anamngoja."

Guu... guu... guu...