Robo ya Nini?

Kilazo kilifunguka alfajiri, kikamwinua Mwalimu Zubeda Ngoi mgongo taratibu mpaka akakaa. Kilikuwa kitanda cha chuma chenye kofia ya nyaya, na kazi yake ilikuwa kubana usingizi, ili watu walale kidogo na mji wa Kilele upate muda zaidi wa kazi. Kila mwaka ulikuwa na muhula mmoja na likizo moja: muhulani kilipunguza usingizi wa mtu kwa asilimia 25, na likizoni kiliuongeza kwa asilimia 25. Ngoma droo, walisema watu wa mji, na hakuna aliyekuwa na nguvu za kubisha.

"Umelala vya kutosha, mwalimu," kilisema kilazo.

"Haya bwana," alijibu Zubeda, huku akitafuta kiatu ambacho tayari alikuwa amekivaa.

Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Mkobani alibeba fomu ya kuacha kazi, na kwenye nafasi ya sababu alikuwa ameandika: uzee. Kufundisha alikupenda bado, na hilo ndilo lililomuuma. Lakini wiki iliyopita alisinzia wima ubaoni, chaki mkononi, akaona basi, yametosha. Mkuu wa shule angekuja kuichukua fomu saa nne, baada ya kipindi cha kidato cha kwanza.

"Shikamoo mwalimu!"

"Marahaba. Kaeni. Leo asilimia, kupungua na kuongezeka." Hakuwa na nguvu za kutunga mfano, akachukua uliokuwa karibu. "Mtu analala dakika 480. Punguza asilimia 25, kisha ongeza asilimia 25. Sasa analala dakika ngapi?"

Kashinje, binti wa dawati la mbele, alinyoosha mkono. "480, mwalimu. Imetoka robo, imerudi robo."

"Robo ya nini?" Zubeda aling'aka. Swali hilo alikuwa akiwafokea wanafunzi tangu aanze kazi. "Ukipunguza, unatoa robo ya 480. Hiyo ni 120, zinabaki 360. Ukiongeza, unaongeza robo ya nini?"

"Ya... 360." Kashinje alihesabu kwa vidole. "Ni 90. Anapata 450." Akahesabu tena. "Mwalimu, kumbe mama yangu hajawahi kurudishiwa usingizi wake?"

Chaki ilisimama. Zubeda aliitazama ile 450, kisha akaendelea kuandika, kila mwaka akianzia pale ule wa nyuma ulipoishia. 421. 395. 370. Yeye alikuwa amelalia kilazo miaka tisa na muhula mmoja. Mstari wa mwisho ulitoka 201, yaani saa tatu na dakika ishirini na moja kwa usiku mzima, pungufu kwa dakika 279.

"Miaka yote nawasahihisha nyie," alisema, "mwenyewe sijauliza hata siku moja."

Alipandwa na hasira, halafu hasira yenyewe ikachoka. Akatoa fomu, akakata neno uzee, akaandika 201.

"Nakilini hesabu hii. Kila mmoja akawafanyie wazazi wake nyumbani."

Kisha akalaza kichwa mezani.

Saa nne mkuu wa shule alimkuta Kashinje amesimama mlangoni, mikono ameitanua kuziba njia.

"Mwalimu wenu yuko wapi?"

"Shikamoo, mwalimu mkuu," alinong'ona Kashinje. "Amelala. Bado dakika 279."