Mkate wa Roho ya Lupaşcu

Jua lilikuwa linazama Pintilie alipotumwa kwenye mabaki ya ndege ya rubani Lupaşcu, akang'oe kipimo cha kimo. Vipuri vilikuwa adimu huko mstari wa mbele, na kipimo cha ndege yake, ambamo aliketi nyuma ya rubani na bunduki, kilikuwa kimevunjika. Lupaşcu mwenyewe alizikwa jana yake ndani ya sanduku la risasi. Hakikubaki kikubwa cha kuzika.

Fundi Toader, mzee wa milimani, alimtia mkononi mkate wa mviringo.

"Kitu cha maiti hakichukuliwi bure, mwanangu. Mpe mtu mkate huu, mwambie ni wa roho ya Lupaşcu. Akila yeye, marehemu ameshiba."

"Nikikosa mtu?"

"Hutakosa. Ila usile wewe."

Kipimo alikikuta kizima, bila mkwaruzo, kikinuka nywele zilizoungua. Akaking'oa, akaanza kurudi. Lakini wiki tatu alikuwa hajaonja mkate wa ngano, na njaa haina adabu. Alipofika hemani mkono mmoja ulishika kipimo, wa pili ulikuwa mtupu. Toader alipouliza, alisema amempa mlinzi.

Asubuhi, kipimo kile kikiwa kimefungwa ndegeni mwao, waliruka kwenda kulipiga bomu daraja la adui. Rubani wake, Luteni Bratosin, alikuwa mcheshi; alimwita Pintilie "mke wangu", maana walikaa wakipeana migongo kama wanandoa waliogombana.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Rubani huelekeza pua ardhini, ndege ikaporomoka. Ardhi ikikaribia, honi ya kipimo hulia masikioni. Inaponyamaza, zimebaki mita mia nne na hamsini: achia bomu, vuta juu. Ukichelewa, bomu lako linakula wewe. Pintilie, aliyetazama nyuma, hakuona ila mbingu zikimkimbia. Uhai wake wote ulikuwa kwenye kule kunyamaza.

Wakainama. Honi ikalia... ikalia...

Ikanyamaza.

Ndege haikuinuka.

"Bado," sauti ikanong'ona kwenye spika za masikioni mwao.

"Bado nini, Pintilie?" Bratosin akauliza.

Pintilie hakuwa amefumbua kinywa. Harufu ya nywele zilizoungua ilijaa pale alipoketi. Alitaka kumwambia avute, avute sasa hivi, lakini kitu kikavu kilipanda kooni kikaziba. Akakitambua kwa ladha. Ulikuwa mkate.

"Bado kidogo, kaka. Nina njaa."

Ilikuwa sauti ya Lupaşcu.

Bratosin akapiga ukelele, akaachia, akavuta. Bomu lilipasuka chini yao karibu mno. Vyuma vikatoboa sakafu, vikampasua Bratosin tumbo, na damu yake ya moto ikamrukia Pintilie shingoni. Aliirudisha ndege kwa mkono mmoja, wa pili akishikilia utumbo wake, akaitua kwa tumbo la ndege na kufa papo hapo. Ilibidi wamvunje vidole ili aachie usukani.

Kamanda aliandika kwamba rubani aliduwaa akilitazama daraja. Marubani wengi huduwaa.

Jioni ile Pintilie alimpelekea Toader mgao wake wote wa mkate.

"Pokea, Baba. Ni wa roho ya Lupaşcu. Na ya Luteni."

"Ule wa kwanza ulimpa nani?"

Pintilie akainamisha kichwa. Mzee akaficha mikono yake nyuma ya mgongo.

"Basi umekula chakula cha mfu, na aliyelipa ni mwenzako. Mimi sipokei kwako. Na hapa hakuna atakayepokea."

Kweli, alizunguka mahema yote na mkate ule, akarudi nao.

Kesho yake alipewa rubani mwingine, ndege nyingine. Vipuri vilikuwa adimu. Kipimo kikahamishiwa humo, bado hakina mkwaruzo. Pintilie alimwomba kamanda amtie hata jela. Kamanda akamwonyesha bastola, kisha ngazi ya ndege.

Akapanda. Akafunga mikanda, akavaa spika za masikioni. Magurudumu yalikuwa hayajaacha ardhi ile harufu ilipomfikia.

"Karibu, mke wangu," Bratosin akanong'ona. "Umetuletea nini?"