Jinamizi Huinama

Jua lilikuwa linazama nilipompelekea kaka chakula karakanani. Kaka ni seremala wa vitanda, na wiki nzima hakuwa amelala. Kila akipitiwa na usingizi, kitu kilimkaba. Shingoni alikuwa na alama za vidole, zimevilia damu.

Asubuhi ile shangazi alikuwa ametuambia, "Jinamizi hilo, wanangu. Lisikilizeni jina lenyewe. Limetoka kwenye kuinama. Humwinamia mtu aliyelala chali. Akiketi, litamwinamia vipi?"

Basi kaka aliketi. Vitanda vyote alikuwa amevisimamisha ukutani, kimoja kimoja.

"Likija leo, litatafuta pa kuinamia hadi lichoke," aliniambia.

"Kula, acha mzaha."

"Chumvi yote hii, dada? Jinamizi likinikosa, wewe utanimaliza."

Nilicheka. Nikampa mgongo niwashe taa.

Kimya...

Halafu harufu, chini ya ile ya mbao mbichi. Nzito, yenye uvuguvugu, kama pumzi ya mtu mwenye homa. Halafu sauti, kama maji yaliyokwama kwenye bomba.

Niligeuka. Kaka alikuwa amesinzia palepale kitini. Kidevu kimeangukia kifuani.

Amejiinamia.

Hapo ndipo nilipolisikia neno zima. Shangazi alikuwa ametupa nusu tu, nadhani kama alivyopewa yeye. Si kumwinamia mtu. Ni kujiinamia.

Mikono iliyokuwa kooni mwake ilikuwa yake mwenyewe.

Kucha zilikuwa zimezama nyamani. Damu ilishuka hadi kwenye viwiko. Nilivuta vile vidole kwa nguvu zangu zote, havikubanduka. Uso wake ukaanza kuwa wa zambarau. Nikanyakua nyundo.

Pigo la kwanza, mfupa ulilia.

Mkono ule ukaanguka. Wa pili ukazidi kukaza. Nilipiga tena, na tena, huku nikimwita, mpaka nao ukaachia na hewa ikaingia kifuani mwake kwa kishindo.

Alifumbua macho.

"Dada..." alinong'ona. "Umelipiga?"

"Nimelipiga."

"Limekwenda?"

Nilitazama mapajani mwake. Macho yake yalikuwa kwangu, yakingoja jibu. Hakuwa anaona kwamba vidole vyake vilivyovunjika vilikuwa vinajikunja... polepole... vinatafuta cha kushika.

"Limekwenda," nikamwambia.

Nyundo sikuiweka chini.